Benchi la Dirisha la Nne

Hakuwa na gari. Hakuwa na ofisi yenye kiyoyozi, wala mjomba wizarani, wala shemeji mwenye cheo. Hakuwa na barua ya mwajiri inayothibitisha kwamba ameajiriwa kwa kudumu, na hakuwa na barua ya mwajiri inayothibitisha kwamba hajaajiriwa popote, ingawa zilitakiwa zote mbili. Hakuwa na nakala ya cheti cha uzamivu, kwa sababu uzamivu wenyewe ndio kwanza alikuwa anausomea. Hakuwa na matokeo ya utafiti ambao alikuwa bado hajaufanya. Hakuwa na miaka arobaini na mitano. Na lililo kubwa kuliko yote, hakuwa na mtu wa kumpigia simu.

Sisemi haya kumsimanga binti wa watu. Mimi ni mtunza masjala wa Kurugenzi, na kazi ya masjala ni kuorodhesha. Barua ikiingia, naipiga muhuri wa tarehe, naipa namba, naiweka kwenye jalada lake. Ikitoka, naiandika kwenye kitabu cha kutolea. Katikati ya kuingia na kutoka hutokea mambo mengine, lakini hayo si ya masjala. Nimeifanya kazi hii miaka thelathini na minne. Nilianza kama mfagiaji wa jengo hilihili. Kwa miaka saba nilifagia karatasi mchana, na jioni nikaenda shule kujifunza kilichoandikwa juu yake. Nina vyeti vitatu, na vyote vimo kwenye fremu.

Mambo yalianza Jumatatu moja, saa nne asubuhi, pale tangazo lilipobandikwa ukutani kwa gundi ya serikali. Lilisema hivi: "Kurugenzi ina heshima kubwa na furaha isiyo kifani kuutangazia umma Ufadhili wa kwanza wa Utafiti wa Sera za Umma kwa Wanafunzi wa Uzamivu, utakaoziba pengo lililopo kati ya msomi na mwananchi, kati ya utafiti na uamuzi, na kati ya leo na kesho." Nafasi ilikuwa moja. Masharti yalikuwa ishirini na mawili.

Masharti aliyaandika Mkurugenzi mwenyewe. Mbele yake tunamwita bosi. Akishatoka tunamwita Kalamu ya Kijani, kwa kuwa husaini kwa wino wa kijani ili asifanane na mtu. Naye pia ni mwanafunzi wa uzamivu, mwaka wa kumi na moja sasa. Kwenye mlango wake pameandikwa "Dkt." kwa herufi kubwa, na chini yake "Mtarajiwa" kwa herufi ndogo. Mbele ya hilo neno la pili kuna chungu cha maua, tena maua yaliyostawi vizuri.

Nililisoma tangazo mpaka mwisho, kama ninavyosoma kila kitu. Mwombaji awe na umri wa kati ya miaka arobaini na mitano na hamsini na mitano, kwani ujana una haraka. Awe na ofisi yenye kiyoyozi, ili takwimu zisiharibiwe na joto. Awe amewahi kuongoza kurugenzi. Aambatishe matokeo ya utafiti anaoomba kuufanya, ili Kurugenzi isije ikashtukizwa.

Nikaenda nalo kwa katibu muhtasi wa bosi, mama mmoja mtulivu anayechapa bila kuangalia mashine.

"Mama, hebu niambie. Ni mwanafunzi gani mwenye sifa zote hizi?"

Akautazama mlango wenye maua, kisha akanitazama mimi.

"Mzee, wewe si umesoma jioni? Mchana huoni?"

Masharti mawili ya mwisho yalikuwa makali kuliko yote. La ishirini na moja lilisema mfadhiliwa atatekeleza mbinu za utafiti neno kwa neno, kama zilivyo katika andiko lake, na ataanza ndani ya siku kumi na nne. La ishirini na mbili lilisema asipoanza, nafasi itakwenda kwa aliyemfuata, bila rufaa. Bosi aliniandikisha hayo mwenyewe akizunguka ofisi na mikono nyuma.

"Hawa wasomi wa siku hizi wanaandika vitu wasivyoweza kuvifanya," alisema. "Tuwabane, Mzee. Andika 'neno kwa neno.' Andika 'bila rufaa.' Pigia mstari."

Nikapiga mstari. Nikatumia rula.

Binti alikuja Alhamisi. Alikuwa kibarua katika maktaba ya manispaa, kazi ya kurudisha vitabu rafuni, na vidole vyake vilikuwa na vumbi la vitabu, ambalo si sawa na vumbi la mafaili. Alisimama mlangoni mwa masjala akiwa na bahasha ya kaki kifuani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti yangu. Umeleta au unafuatilia?"

"Nimeleta. Ila naomba unipigie muhuri na nakala yangu."

Nikajua huyu amelelewa na mtu anayezijua ofisi. Nikapiga mihuri miwili, tarehe na saa. Andiko lake liliitwa "Safari ya Barua: Muda Unaopita Kati ya Mwananchi Kuuliza na Ofisi Kujibu." Nikamuuliza kwa nini mada hiyo, maana wenzake huandika kuhusu mambo makubwa kama utandawazi.

Alitoa kwenye mkoba karatasi iliyokunjwa mara nne. Mama yake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Aliomba barua ya kuthibitishwa kazini, akaandika mara kumi na tisa, na jibu lilifika wiki moja baada ya maziko. Lilikuwa na mistari miwili. "Rejea barua yako. Tafadhali fika ofisini wewe mwenyewe."

Nikautazama muhuri. Ulikuwa wa kwetu. Mwandiko wa namba ulikuwa wangu.

Nilimwambia kwamba namba iko sahihi.

"Najua, baba," akasema. "Namba zote ziko sahihi. Ndiyo maana nataka kutafiti."

Chuo kilikuwa kimempa hadi mwisho wa mwezi wa pili kutoka hapo. Kama hajapata mfadhili, jina lake lingefutwa kwenye orodha, miaka yake mitatu ya masomo ikaenda na maji. Aliyasema hayo akifunga mkoba, kwa sauti ya mtu anayetaja saa ya basi.

Alipoondoka nilisoma andiko lake lote. Sura ya tatu ilikuwa ya mbinu, na sijawahi kusoma mbinu zilizo wazi namna ile. Mtafiti ataachia, kwa barua, kazi yoyote ya umma aliyonayo kwa muda wa miezi kumi na minane, ili asiwe na mtu wa kumpigia simu. Ataandika barua ya kweli ya kuomba jambo analolihitaji kweli. Ataipitisha Dirisha la Nne, ambako barua za wananchi hupokelewa. Kisha atakaa kwenye benchi la dirisha hilo kila siku ya kazi, bila kusema yeye ni nani, mpaka ajibiwe. Akijibiwa mapema, atachagua mwananchi mwingine aliyekaa benchini na kumfuatilia huyo. Pembeni ya sentensi hiyo ya mwisho alikuwa ameandika kwa penseli: "Haitatokea."

Bosi aliliita jalada siku ileile. Lilirudi baada ya siku tatu likiwa limenenepa. Ndani mlikuwa na andiko la binti, na juu yake andiko lingine linaloitwa "Safari ya Barua katika Mazingira ya Utandawazi." Jina la mwombaji lilikuwa la bosi. Nikafungua kurasa za ndani, za juu na za chini, nikazilinganisha kwa kidole. Hata madoa ya fotokopi yalikuwa mamoja.

"Kaniambia nibadilishe ukurasa wa mbele tu," katibu muhtasi alininong'oneza. "Ndani nisiguse, eti pamepangika."

"Kwani amesoma ndani?"

"Mzee, jamani!" Akacheka mpaka akashika meza.

Waombaji walikuwa arobaini. Thelathini na wanane walirudishiwa bahasha zao kwa kukosa sifa. Binti naye hakuwa na sifa hata moja, lakini kanuni inasema mwombaji akiwa mmoja hayo si mashindano. Bosi akahitaji mtu wa kumshinda, na andiko lililokuwa karibu na mkono wake lilikuwa hilo.

Binti alipokuja kufuatilia nilimweleza yote, kwa kuwa jalada la mwombaji ni haki ya mwombaji kuulizia. Akauma mdomo wa chini, na macho yakajaa.

"Baba, sasa nifanyeje? Niende magazetini? Nani ataniamini mimi, mpanga vitabu?"

"Masharti umeyasoma?"

"Nimeyasoma. Sina hata moja."

"Ya kupata ufadhili huna. Soma ya baada ya kuupata. La ishirini na moja na la ishirini na mbili."

Akasoma. Akarudia. Akafungua andiko lake, sura ya tatu, akaweka kidole.

"Hawezi," akasema taratibu. "Huyu hawezi kukaa kwenye lile benchi hata asubuhi moja."

"Masjala haina maoni," nikamjibu. "Ila hakikisha anwani yako kwenye jalada ni sahihi."

Kamati ilikaa Jumanne katika ukumbi mdogo. Walikuwamo Mhasibu, Mwanasheria, na bosi akiwa mwenyekiti. Mimi nilikuwamo kwa ajili ya kubeba mafaili na kuandika kumbukumbu. Mwanasheria alikohoa, akasema kwa heshima zote kwamba huenda kuna mgongano wa maslahi, kwa kuwa mwenyekiti ni mwombaji pia. Bosi akampongeza kwa uadilifu wake. Kisha akainuka kwenye kiti kikubwa, akazunguka meza, akakaa kwenye kiti kidogo.

"Sasa hapa mimi ni mwombaji," akasema. "Niulizeni kitu chochote, msinionee haya."

Hakuna aliyeuliza. Bosi akarudi kwenye kiti kikubwa, akakitazama kile kidogo.

"Mwombaji amejibu vizuri," akasema.

Mhasibu, ambaye alikuwa ameyafungua maandiko yote mawili, akakunja uso. "Bosi, mbona kama yanafanana?"

"Yanafanana sana," bosi akakubali. "Inaonyesha mada hii ina umuhimu wa kitaifa. Wanafikra wawili, bila kujuana, wamefikia maneno yaleyale."

Bosi akapata alama tisini na nane. Mbili alijinyima mwenyewe kwa ajili ya unyenyekevu. Binti akapata arobaini na moja, kwa sababu andiko lake, ilivyoandikwa kwenye kumbukumbu, "halikuonyesha uhalisi wa kutosha." Bosi akawa wa kwanza na binti akawa anayefuata. Wote wakasaini, na bosi akasaini mara mbili, kila kiti kwa sahihi yake.

Ufadhili ukishatolewa, masjala huandaa barua za utekelezaji. Hiyo ni kazi yangu na sikuwahi kuichelewesha. Nikafungua sura ya tatu ya andiko lililoshinda. Hatua ya kwanza ilikuwa barua ya kuachia wadhifa. Nikaiandaa kwenda kwa Katibu Mkuu wa Wizara, kwa lugha safi. Mimi, Mkurugenzi, naachia wadhifa wangu kwa miezi kumi na minane kuanzia Jumatatu ijayo, ili nitekeleze utafiti wenye maslahi kwa umma, na naomba ateuliwe wa kukaimu.

Hapa lazima nieleze jinsi barua zinavyosainiwa kwetu. Katibu muhtasi hupanga barua katika folda zikipandana kama bati za paa, ili pabaki panaonekana pa kusaini tu. Bosi hushuka nazo toka juu mpaka chini kwa pumzi moja. Miaka miwili nyuma, mtumishi mmoja alijaribu kumweleza kilichomo kwenye barua. Bosi akatoa waraka, namba yake naijua kwa kichwa, usemao: "Ni marufuku kwa mtumishi yeyote kunieleza yaliyomo katika barua ninayoisaini. Huko ni kunipotezea muda na kuingilia mamlaka."

Mimi ni mtu mzima na nina dhamiri. Nilipomfikishia folda nilisimama badala ya kuondoka.

"Bosi, hii ya tatu..."

Kalamu ikasimama hewani. "Mzee. Nilishasema nini kuhusu kunisomea?"

"Ulisema ni marufuku, bosi. Ila hii inahusu..."

"Waraka uko wapi?"

"Kwenye jalada la nyaraka, bosi. Ukurasa wa nane."

"Basi nenda kausome. Wewe si unapenda kusoma?"

Akasaini ya tatu, ya nne, ya tano. Nilikwenda nikausoma waraka. Ulikuwa palepale, ukurasa wa nane. Barua ya tatu nikaiingiza kitabuni na kuituma.

Katibu Mkuu alijibu baada ya saa kumi na saba. Katika miaka yangu thelathini na minne sijaona kasi ya namna hiyo. Baadaye binti aliliondoa jibu hilo kwenye takwimu zake akisema linaharibu wastani. "Ombi lako limekubaliwa kwa furaha," aliandika Katibu Mkuu. Kwa mkono wake akaongeza pembeni: "Hatimaye." Naibu wa bosi aliteuliwa kukaimu. Barua hiyo ya kukubaliwa niliiweka mezani kwa bosi, ndani ya trei ya kuingilia, juu kabisa. Alikuwa hafungui trei hiyo.

Jumatatu saa tatu nilisikia kelele getini. Mlinzi, kijana mpole wa siku zote, alikuwa ameweka mkono kwenye dirisha la gari la bosi.

"Samahani, mzee wangu. Gari hili ni la Kaimu Mkurugenzi. Naomba ushuke, dereva anakwenda kumchukua."

"Unajua unaongea na nani?"

"Ndiyo, mzee. Na wewe. Wageni wanaingilia mlango wa pembeni, wanajiandikisha kwenye daftari."

Bosi alifika masjala akiwa amelowa jasho, shati limetoka kwenye suruali. Mkononi alishika nakala ya barua yake.

"Mzee! Nani ameandika upuuzi huu?"

"Sahihi ni ya kijani, bosi."

"Naona kwamba ni ya kijani! Kwa nini hukuniambia?"

Nikamletea waraka. Akausoma, nadhani kwa mara ya kwanza.

"Futa hii."

"Kufuta waraka kunahitaji sahihi ya Mkurugenzi."

"Mimi ndiye Mkurugenzi!"

Katibu muhtasi, aliyekuwa amekuja kuchukua stempu, alitazama dari kana kwamba ndiyo kwanza inapigwa rangi. Kule koridoni tulisikia kitu kizito kinaburutwa sakafuni. Kaimu alikuwa anahamisha chungu cha maua.

"Kwa hiyo mimi sasa ni nani?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Mfadhiliwa, bosi. Hongera. Una siku kumi na nne za kuanza. Benchi liko upande ule, Dirisha la Nne."

Alicheka kicheko cha mtu aliyekanyaga maji akidhani ni sakafu. Alisema heri afe kuliko kukaa pale na makabwela. Kwa siku kumi na nne alipiga simu. Alimpigia kila aliyewahi kumtumia kadi ya heri, na kila mmoja alifurahi kusikia sauti yake, akamuulizia familia, akamshauri kitu kimoja. Andika barua.

Siku ya kumi na tano, saa mbili na dakika tano asubuhi, kwa mujibu wa sharti la ishirini na mbili, nafasi ilikwenda kwa anayefuata. Mwanasheria alitafuta upenyo akakosa, maana maneno "bila rufaa" yalikuwa yamepigiwa mstari kwa rula. Barua ya kukijulisha chuo ilisainiwa na Kaimu, ambaye anatumia wino wa zambarau na ameuacha ule waraka kama ulivyo. Zilibaki siku mbili kabla ya jina la binti kufutwa. Sikuiamini posta. Nilivaa koti, nikaipeleka mwenyewe kwa miguu, na msajili wa chuo akanisainia kwenye kitabu changu. Niliporudi, binti alikuwa ameshaacha kazi maktaba na ameshakaa kwenye benchi. Aliponiona nikimwonyesha ile sahihi alifunika uso kwa mikono miwili, mabega yakitikisika, na watu wa foleni wakadhani amefiwa.

Bosi wa zamani aliandika barua yake siku ya kumi na sita, akiomba kurudishwa kwenye wadhifa. Dada wa Dirisha la Nne aliipokea bila kuinua macho.

"Subiri pale kwenye benchi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka uitwe."

Laiti angekaa pale siku mbili mapema, angekuwa amekaa kama mtafiti.

Benchi lilikuwa limejaa. Binti akasogea.

"Karibu, baba. Kaa huku, upande ule kuna msumari umetokeza."

Akakaa. Bosi hakumtambua binti. Alikuwa amelisoma jina lake mara moja tu, siku alipoagiza ukurasa wa mbele ubadilishwe.

"Wewe umeleta nini?" akamuuliza.

"Naulizia barua ya mama yangu ya kuthibitishwa kazini."

"Huwa inachukua muda gani?"

"Ndicho ninachotafiti."

Barua ya binti ilikuwa imeingia kabla ya yake, kwa hiyo niliishughulikia kwanza. Nilikwenda stoo, nikalifukua jalada la mwalimu yule. Barua zake kumi na tisa zilikuwamo, zote zina namba, zote kwa mwandiko wangu mzuri. Chini kabisa, nyuma ya ile ya kumi na tisa, palikuwa na barua ya ishirini. Ilikuwa ya kwetu. Ilisema mwalimu amethibitishwa kazini. Ilikuwa imesainiwa kwa kijani miaka sita kabla hajafa. Nikafungua kitabu cha kutolea cha mwaka huo, ukurasa baada ya ukurasa, nikiwa nimesimama. Haikuwa imeandikwa. Kuiandika ilikuwa kazi ya masjala, na masjala ilikuwa mimi.

Sikumtumia kwa posta. Nilitoka nikampa mkononi, pamoja na kitabu, ili aone mstari ambao haukuwapo.

"Kosa ni langu," nikamwambia. "Si la bosi wala la Wizara. Liandike kwenye utafiti wako, na cheo changu ukitaje kwa ukamilifu."

Aliisoma barua mara mbili. Alipitisha kidole juu ya jina la mama yake. Alipoinua kichwa, macho yalikuwa mekundu lakini mdomo ulikuwa unapigana na tabasamu.

"Baba, umenijibu siku ya tisa! Miezi kumi na minane yangu nitaifanyia nini?"

"Sura ya tatu," nikamkumbusha. "Pale ulipoandika kwa penseli."

Akaikunja barua, si mara nne safari hii, mara moja tu. Akageuka kumtazama mzee aliyekaa pembeni yake, aliyekuwa anamtolea dada wa dirisha kadi yake ya zamani ya kazi kwa mara ya tatu asubuhi ile. Akafungua ukurasa mpya wa daftari. Juu akaandika: "Mwananchi wa Kwanza."

Sasa ni mwezi wa tano wa utafiti. Mwananchi wa Kwanza huja saa moja na nusu, kabla ya wote. Msumari anaujua. Amejifunza kuomba muhuri kwenye nakala yake. Wiki iliyopita nilimsikia akimwambia bibi mmoja, "Usiondoke kwenda kula, mama, ndipo wanapoita," naye bibi akampa kipande cha mkate.

Leo mchana folda ilirudi kutoka kwa Kaimu, barua zimepandana kama bati, zote zina zambarau. Ya sita ilikuwa ya kumjibu Mwananchi wa Kwanza. "Rejea barua yako. Tunapenda kukujulisha kwamba imepokelewa na inashughulikiwa. Tafadhali endelea kuwa na subira." Nimekagua namba. Nimekagua anwani ya nyumbani kwake, kwa kuwa kanuni inataka majibu yaende kwa posta, hata kama mwenye barua amekaa hatua sita kutoka dirishani na anakutazama.

Alikuwa ananitazama. Nikaikunja karatasi, nikaiingiza kwenye bahasha, nikalamba gundi, nikapitisha kiganja juu yake mpaka ikashika. Nikaiandika kwenye kitabu cha kutolea, mstari wake kamili, na kuisoma tena kuhakikisha. Kisha nikaidondosha ndani ya mfuko wa posta, na pale kwenye benchi binti akaangalia saa, akaandika.